UZI: Skafu ya aran yenye misokoto na matamvua, kwa sisi tunaofuma tukitoka jasho Mombasa

MamaSindano (Tudor)

Salaam wanajamvi. Msimu wa watoto kwenda vyuo vya ng'ambo ukikaribia, ujumbe wa faragha hunijaa swali lile lile: nitamfumiaje mwanangu skafu nzito ya aran (mtindo wa ufumaji wa Ayalandi), ile ya misokoto, yenye matamvua kwenye ncha? Basi leo nayamwaga yote hapa, mwenye kuuliza aulize mbele ya watu.

Nianze na msimamo wangu, mnishambulie mapema. Sweta ina ndani na nje. Skafu haina. Msokoto wa aran wa kawaida hufumwa pleni (vitanzi vya kawaida, laini mbele) katikati ya uwanja wa vitanzi vya kinyume (vyenye nundu mbele). Mbele unasimama na kupendeza, ukigeuza nyuma unakuta vitanzi vimevutana ovyo. Mtu akishajizungushia shingoni, nusu ya kinachoonekana ni hiyo nyuma. Michoro mingi ya mtandaoni hainyanyui mdomo juu ya jambo hili, maana picha hupigwa upande mmoja. Mimi nafuma msokoto wa pande mbili, na ndio nitakaoueleza.

Msokoto wenyewe haufumwi pleni tupu. Unafumwa kitanzi kimoja pleni (uzi nyuma ya sindano), kimoja kinyume (uzi mbele), hivyo hivyo mpaka vitimie 12. Vitanzi vya namna hii hujibana. Vya pleni hutokeza, vya kinyume hujificha, na ukigeuza kazi vile vilivyojificha ndivyo vinavyotokeza. Ukivisokota, kila upande unapata msokoto wake kamili.

Sasa kazi. Sindano za milimita 5, anzisha vitanzi 52. Fuma pleni 4, halafu pleni 1 kinyume 1 mara sita, pleni 4, pleni 1 kinyume 1 mara sita, pleni 4, pleni 1 kinyume 1 mara sita, malizia pleni 4. Huo ndio mstari wa mbele na ndio wa nyuma, haubadiliki hata kidogo. Hakuna kukariri mistari ishirini tofauti.

Mstari wa 7 ndio wa kusokota. Ukifika kwenye vitanzi 12 vya msokoto, hamishia 6 vya kwanza kwenye sindano ndogo ya pembeni bila kuvifuma, viache mbele ya kazi. Fuma 6 vinavyofuata, pleni kinyume kama kawaida. Kisha rudi kwa vile 6 vilivyokuwa vikisubiri, uvifume vivyo hivyo. Fanya hivyo kwenye misokoto yote mitatu. Mistari ya 8 hadi 12 ni ya kawaida, halafu unaanza upya kutoka wa 1. Kwa kuwa 7 ni witiri na mzunguko ni wa 12, utasokota upande ule ule siku zote. Ukijikuta unasokota upande wa pili, simama, hesabu imekutoka.

Kuhusu upana: ufumaji bapa, usio na misokoto, wa uzi wa aran (uzi mnene) hutoa kama vitanzi 18 kwa sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 52 vingekupa karibu sentimita 29. Hapa utapata 20 hivi, ukipungukiwa au ukizidi kidogo kulingana na mkono wako. Msokoto unakula upana. Anayehesabu vitanzi kama anafuma bapa ataishia na tai. Urefu fuma sentimita 170 bila matamvua. Uzi tayarisha gramu 300, na uzi wa matamvua ukatwe KWANZA, kabla hujaanzisha hata kitanzi kimoja. Wengi hufika mwisho wakakuta wamebakiwa na kipande cha kufungia mfuko.

Haya, karibuni.

ShogaWaBamburi

Mashallah Mama, hiyo ya mstari mmoja usiobadilika imenifurahisha. Ila uzi wenyewe tunautoa wapi? Nimezunguka Biashara Street yote, nikaingia vichochoro vya Marikiti, wananionyesha uzi wa vitoto vichanga tu, mwembamba, rangi ya waridi na ya samawati. Na skafu ni ya mdogo wangu, anakwenda Edinburgh. Simvalishi waridi.

MamaSindano (Tudor)

Mdogo wako nenda kamtafutie uzi Kongowea, kwenye mitumba. Nasema kweli. Marobota yana sweta za sufu ambazo hakuna mtu wa Mombasa anayezitaka, na muuzaji anataka ziondoke. Sweta moja nzito ya mwanaume hutoa uzi wa skafu na kubaki.

Ila usibebe yoyote. Igeuze ndani, angalia mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima zilizoshonwa pamoja kwa uzi, chukua, itafumuka vizuri. Ukiona kingo zimekatwa mkasi na kupigwa ovaloki, iache hapo hapo. Kila mstari umekatwa, utapata vipande vya urefu wa mkono na utalia. Tena ivute kidogo: kama vitanzi vimeshikana havionekani kimoja kimoja, hiyo imefuliwa kwa maji moto ikaganda, haifumuki milele.

Kujua kama ni sufu kweli, kata kijiuzi cha ndani ukifika nyumbani ukichome juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hauendelei, na majivu yanavunjika ukiyabana. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Kufumua, ondoa mishono kwanza, halafu anzia juu, shingoni, maana sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungushia uzi mgongo wa kiti, funga mahali panne usitatizane, loweka maji ya vuguvugu, kisha uning'inize kivulini na chupa ndogo ya maji chini yake. Ule ujikunjo wote unaondoka.

Na unene upime kwa rula. Zungusha uzi kwenye rula bila kuvuta na bila kuacha nafasi. Aran hujaza sentimita 2.5 kwa mizunguko 8 hivi. Ikiwa ni 11, huo ni mwembamba, jaribu kuushika nyuzi mbili pamoja upime tena.

Nyambura_Nyali

Naomba nipinge kidogo, kwa heshima. Mimi nimetoka bara, sufu ya kondoo naijua, hata ile inayosokotwa kwa mkono Nanyuki nimeifuma. Ni nzuri. Lakini mtoto wa chuo ataitupa kwenye mashine ya kufulia na jinzi zake, maji moto, na siku hiyo hiyo skafu inakuwa ngumu na fupi nusu yake. Kwa mwanafunzi wa hosteli mimi nafuma akriliki nyuzi mbili, bila majuto. Sufu nampa mtu mzima anayejua kufua kwa mkono.

MamaSindano (Tudor)

Nyambura, kwa mwanafunzi umenishinda, sitabisha. Joto la sufu hulipati kwenye akriliki, hasa ikilowa, na huko Uskoti mvua haiishi. Lakini skafu iliyoganda haimpi mtu joto wala baridi. ShogaWaBamburi, mjue mdogo wako mwenyewe. Kama ni wale wanaoacha shati sakafuni, mfumie akriliki.

ShogaWaBamburi

Mama, ni yule yule. Akriliki.

KijanaLikoni

Wanaume tunaruhusiwa? 😄 Mimi nimejifunza kwa bibi yangu, naye alijifunza shuleni enzi zile wanafuma kwa spoku za baiskeli. Nilijaribu spoku kwa uzi wa aran nikaacha. Spoku ni kama milimita 2, kitambaa kinatoka kigumu, unaweza kukigonga hodi.

Nimekuja na mambo mawili. Ile sindano ndogo ya pembeni msiihangaikie madukani. Chukua kijiti cha mshikaki cha mwanzi, kikate kipande kirefu kama kidole, chonga ncha zote mbili, sugua kwa msasa mpaka kiteleze. Mwanzi una mkwaruzo kidogo, vitanzi havichomoki. Vya chuma vinavyong'aa huniangushia kazi nikiwa nimekaa mahali penye upepo.

La pili, mshipi wa kuvulia. Kila baada ya mstari wa kusokota, pitisha mshipi mwembamba kwa sindano ya mkono katikati ya vitanzi vyote 52, uuache humo. Hesabu ikikutoka mbele, unachomoa sindano, unafumua hadi kwenye mshipi, vitanzi vyote viko pale vimeshikwa. Uzi wa kawaida hung'ang'ania, mshipi unateleza.

Sasa swali langu. Nasikia hii michoro ya aran kila familia ya wavuvi huko ilikuwa na wake, mvuvi akizama baharini wanamtambua kwa sweta. Ni kweli? Maana sisi wa Likoni habari za bahari tunazielewa.

YakheKibokoni

Hadithi tamu, lakini si kweli. Visiwa vya Aran viko vitatu, Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr, kwenye ghuba ya Galway, magharibi mwa Ayalandi. Sweta hizi tunazoziita aran si za kale sana, ni za mwanzoni mwa karne ya 20 hivi, na wanawake wa huko walizifuma kwa kuuza pia, si kwa waume zao tu. Hiyo ya maiti kutambuliwa ilipata nguvu kwenye tamthilia moja ya 1904 ya J. M. Synge, mwandishi wa Ayalandi, ambapo dada anamtambua kaka yake aliyezama. Na hata humo si sweta! Ni soksi. Binti aliifuma mwenyewe, anakumbuka vitanzi alivyoviacha. Wauza sweta wakaichukua wakaitia michoro ya koo, kila ukoo na mchoro wake, biashara ikaenda.

Mimi kwa maoni yangu ile ya soksi ni kali zaidi. Hakuna mchoro wa ukoo, kuna mtu anayejua hesabu ya mkono wake.

KijanaLikoni

Ahsante yakhe. Basi nitaacha kuwaambia wateja.

Nyambura_Nyali

Usiache, bei itashuka 😂

BiMkubwa_Makadara

Watoto wangu, macho yangu hayaoni vizuri ule mstari wa 7. Nahesabu, naitika mlango, narudi sijui nilifika wapi. Mnahesabuje?

MamaSindano (Tudor)

Shikamoo Bi Mkubwa. Ile kaunta ndogo ya kidoleni ya kuhesabia tasbihi, inayouzwa Mji wa Kale kila duka la vitabu na kanzu, inafanya kazi hii hii. Bonyeza kila ukimaliza mstari, ikifika 12 irudishe sifuri. Ila uwe na ya pili ya kufumia, usije ukachanganya nyuradi na skafu.

Na kama hukubonyeza, kazi yenyewe inasema. Tazama pale pleni 4 za katikati ya misokoto: kila mistari miwili hutoa tuta moja. Kati ya mstari mmoja wa kusokota na unaofuata lazima pawe na matuta 6. Yapapase kwa kidole, huhitaji hata miwani.

BiMkubwa_Makadara

Marahaba mwanangu. Matuta nimeyapata. Mungu akuweke.

FundiWaMatamvua

Nimesoma kimya kimya nikingojea mtu aguse matamvua, naona mnayapita. Mimi kazi yangu ni kumalizia vikoi, nasokota ncha tangu ujana. Hayo matamvua ya skafu mnayoyafanya, ya kukunja vijiuzi na kuvuta kwa krosheti basi, kwa uzi wa akriliki yatachanuka yote kabla ya mwaka. Yatakuwa manyoya. Tena yananasa kwenye zipu ya koti, na huko aendako mdogo wake mtu makoti ya zipu ndiyo yanayovaliwa.

Fanyeni hivi. Kata vijiuzi vya sentimita 45. Chukua vinne, vikunje katikati, pitisha krosheti kwenye ukingo wa skafu kutoka nyuma kuja mbele, vuta kile kikunjo kitokeze, kisha ingiza ncha zote nane ndani yake ukaze. Weka fungu moja kila vitanzi vinne. Kwa skafu ya Mama ya vitanzi 52 hayo ni mafungu 13 kila upande, 26 kwa jumla. Vijiuzi 104 mara sentimita 45, weka mita 47 pembeni.

Mpaka hapo ndipo wengi wanapoishia. Sasa ligawe fungu, ncha nne mkono huu na nne mkono huu. Sokota kila nusu peke yake KWENDA KULIA, kaza mpaka ianze kujikunja yenyewe. Ziunganishe, halafu uziache zizungukane kwenda KUSHOTO. Hutazilazimisha, zitataka zenyewe. Funga fundo chini, acha sentimita 2 za kuchanua. Kila nusu inataka kufumuka upande mmoja na kamba nzima inataka kufumuka upande mwingine, kwa hiyo zinazuiana. Ndiyo maana tamvua la kikoi linafuliwa miaka na halifumuki.

Ukisokota zote mbili na kuziunganisha kwa upande ule ule, zitajifungua mbele ya macho yako. Hilo ndilo kosa la kila mwanafunzi. Na urefu unapungua ukisokota, ndiyo maana nimesema 45 na si 36.

ShogaWaBamburi

Fundi, hapa umenimaliza. Kwani mafungu 26 ni muda gani?

FundiWaMatamvua

Ukiwa na mtu wa kukushikia skafu, jioni moja na chai. Peke yako, bana skafu chini ya kitu kizito juu ya meza. Kidole kikichoka kuna wanaotumia kibanio cha nywele, wanafunga ncha ya uzi kwenye kibanio wanakizungusha.

Nyambura_Nyali

Hili la kusokota naliiba kesho asubuhi. Nami niongeze la pasi kwa wanaofuma akriliki. Ukimaliza misokoto huonekana imejikunyata, unataka kuinyoosha. Usiweke pasi juu yake! Akriliki ikiguswa na chuma cha moto hulala na haiamki tena, msokoto unakuwa bapa. Shikilia pasi ya mvuke juu kidogo, isiguse kabisa, acha mvuke upite, kisha iache ipoe ikiwa imelala pale pale. Ni mvuke kidogo tu. Kwa sufu ni hadithi nyingine: loweka maji baridi yenye shampuu kidogo, usikamue, iviringe ndani ya taulo uikanyage, halafu ilaze.

MamaSindano (Tudor)

Ilazwe juu ya mkeka, tena kivulini, upepo upite juu na chini. Msiilaze kwenye taulo juu ya sakafu kama wanavyoonyesha video za wazungu. Kwa unyevu wetu huu, miezi ya mvua za masika taulo itakaa mbichi na skafu itapata harufu ya ukungu. Na isianikwe kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta iwe ndefu na nyembamba.

BiMkubwa_Makadara

Je, nikiifukiza udi kabla hajaondoka? Wangu anakwenda Toronto.

YakheKibokoni

Bi Mkubwa, sufu inashika harufu kuliko pamba. Atanukia nyumbani mpaka msimu wa baridi uishe. Mimi naona ni jambo zuri, ila iwe mbali na makaa, cheche moja tu inatoboa.

MamaSindano (Tudor)

Fukiza Bi Mkubwa. Kama yako ni akriliki ndiyo uichunge zaidi, ile haitoboki tu, inayeyuka. Na kama skafu itakaa kabatini kwanza, ifunge kwenye mfuko na dawa ya nondo. Nondo hawana habari na akriliki, lakini sufu wanaila kwa raha.

KijanaLikoni

Swali la pesa. Mteja ananiambia skafu Kongowea anaipata kwa bei ya chapati na maharagwe, kwa nini anilipe mimi? Wengine mnajibu nini?

Nyambura_Nyali

Mimi sijibu. Namwambia aende Kongowea. Anayetaka skafu tu, mitumba inamtosha kabisa na hakuna ubaya. Anayetaka ya rangi ya chuo cha mtoto wake, urefu wa mtoto wake, atarudi. Malipo ya uzi nachukua mbele, kazi nachukua akija kuichukua. Na simfumii mtu anayeanza kwa kuuliza punguzo.

FundiWaMatamvua

Na matamvua yatajwe peke yake kwenye bei. Kwenye vikoi kusokota ncha ni kazi yenye malipo yake. Nyinyi mnaitoa sadaka.

KijanaLikoni

Sawa sawa. Mwisho kabisa: msokoto ukigeukia upande usio wake, na umeshapita mistari 10 mbele, ni lazima kufumua vitanzi vyote 52?

MamaSindano (Tudor)

Hapana. Fuma mpaka ufike juu ya msokoto ulioharibika, toa vitanzi vyake 12 tu kwenye sindano, viache vifumuke kushuka hadi kwenye mstari wa kusokota. Vingine vyote vibaki mahali pake. Hapo chini viweke kwenye sindano mbili ndogo, 6 na 6, vivushe upande unaotakiwa, halafu panda navyo mstari kwa mstari ukitumia zile nyuzi zilizolegea, ya chini kwanza. Fanya mezani, mchana, pasipo na watoto. Nyuzi za msokoto zitaonekana fupi kwenye mistari ya karibu na mvuko, usivute kukaza, zitajigawa zenyewe ukifua.

Ila ukiona kosa liko mistari 60 nyuma na mwenye skafu anapanda ndege kesho, liache. Likiwa shingoni hakuna wa kuhesabu.

ShogaWaBamburi

Mama, na kofia ya kuambatana nayo kwa msokoto huu huu?

MamaSindano (Tudor)

Kofia ina kupunguza vitanzi kileleni na msokoto unasumbua hapo. Fungua uzi mwingine hapa jamvini, nitakuja.